Jumanne ya Mwenzio

Kila ikifika Agosti, arusi zikiwa zimepamba moto na barua za udahili kutoka vyuo vya Ulaya zimeshafika, napokea simu za mabinti ambao wengine hata siwajui. Namba yangu wamepewa na shoga, na shoga kapewa na binamu. "Shikamoo dada. Nimeolewa juzi, mwezi wa kumi naanza uzamili Ujerumani, mume wangu atanifuata. Eti ni kweli wikendi mtu unaweza kwenda Ufaransa ukarudi Jumapili?"

Marahaba, mdogo wangu. Ni kweli. Ila kabla hatujafika Ufaransa, huyo mumeo, Jumanne saa tano asubuhi, atakuwa anafanya nini?

Hapo simu hunyamaza. Wengine hucheka wakidhani natania. Nauliza kwa sababu mimi sikuulizwa na mtu. Kwenye kitchen party nilifundwa mengi, mengine siwezi kuyaandika hapa, lakini hakuna shangazi aliyewahi kuishi na mume katika chumba kimoja cha wanafunzi, mke akiwa na mitihani na mume akiwa hana hata jirani wa kumwamkia. Kwa hiyo nimeona niandike, wasomaji wa aina yangu wasome wote kwa pamoja, nami nipumzishe simu.

Tuanze na karatasi, maana ndoa za ughaibuni huanzia kwenye karatasi. Sisi tulifunga ndoa Agosti, baada ya wiki tano nikapanda ndege, naye akanifuata Mei. Miezi yote hiyo katikati ilikwenda kwenye Kijerumani na viza. Mwenza wa mwanafunzi kwa kawaida hutakiwa kuonyesha cheti cha Kijerumani cha ngazi ya kwanza, ile wanayoiita A1, kabla ya kupewa viza ya kuungana na familia. Mume wangu alikuwa mhasibu wa chama cha msingi cha korosho huko Lindi. Akaomba likizo bila malipo, akapanga chumba kwa shemeji yake Dar es Salaam, akawa anasoma Goethe-Institut. Ushauri wangu: mwenza aanze lugha siku mliyotoa posa, msisubiri barua ya chuo. Na cheti cha ndoa chukueni nakala zilizothibitishwa zaidi ya moja, kisha mzitafsirishe kwa mtafsiri anayetambuliwa. Kila dirisha mtakalofika litataka kukiona.

Mkishafika, jiandikisheni makazi ndani ya wiki mbili, ndivyo sheria inavyotaka. Halafu bima ya afya. Kama mwanafunzi yuko kwenye bima ya umma, mwenza asiye na kipato, au mwenye kipato kidogo kilicho chini ya kiwango kilichowekwa, anaweza kuingizwa humo humo bila mchango wa ziada. Ila bei ya mwanafunzi kwa kawaida huishia umri wa miaka 30. Ukivuka, mchango unapanda vibaya. Namjua dada aliyesherehekea miaka 30 kwa keki, barua ya bima ikaja wiki ile ile.

Jambo la tatu kuhusu karatasi wengi hawalijui, na ndilo lililokuja kutuokoa. Mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya amewekewa kikomo cha kazi: siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Mwenza aliyekuja kuungana na familia hana kikomo hicho. Anaruhusiwa kufanya kazi kama mtu mwingine. Maana yake, aliyekuja "kumfuata" mwenzake ndiye mwenye mlango mpana zaidi wa kuingilia mjini. Tatizo ni kwamba mlango huo unafunguliwa kwa lugha, na A1 inatosha kununulia mkate tu.

Tulikaa Bayreuth, mji wa Bavaria wenye watu elfu sabini na kitu, unaojulikana duniani kwa tamasha la opera za Wagner na kwetu Waswahili kwa kuwa chuo chake kina walimu na wanafunzi wa Kiswahili miaka mingi. Chumba chetu kilikuwa na kitanda, meza moja, jiko la plati mbili na dirisha linalotazama maegesho ya baiskeli. Jamani, msidharau suala la chumba kimoja. Nyumbani ukigombana na mumeo kuna uani, kuna baraza, kuna kwa mama mdogo. Pale hakuna mahali pa kununia. Ukimgeuzia mgongo unatazama jokofu. Tulijifunza kwamba atakayekasirika zaidi achukue koti atoke azunguke, na asifuatwe. Dakika ishirini za baridi ya Februari zinashusha hasira vizuri kuliko mshenga yeyote.

Lakini alipofika ilikuwa Mei, na Mei ya Ulaya ni tapeli. Kuna maua kila kona, na mwezi unaofuata jua linazama baada ya saa tatu usiku. Tukasafiri. Kila Jumamosi tulikuwa kwenye treni: Nürnberg, Bamberg, Regensburg, Würzburg, hata Prague. Nilikuwa najisikia hatia. Siku tano nimemwacha peke yake na kamusi, siku ya sita nataka kumlipa kwa kumwonyesha dunia. Picha tulizopiga ni nzuri kweli. Nyumbani waliziona wakasema ndoa imejibu.

Julai nikaanguka mtihani mmoja wa takwimu. Hilo lilikuwa kosa langu na la hizo Jumamosi. Lililouma zaidi lilikuja Novemba. Nilikuwa nimekaa na simu natafuta tiketi za bei nafuu za kwenda Vienna, nikamwambia, "Mume wangu, umechagua twende lini?" Akajibu taratibu, bila hata kuinua uso, "Wewe una Jumatatu mpaka Ijumaa. Mimi nina Jumamosi tu, na hiyo pia ni yako."

Nikafunga simu. Mtu aliyenichumbia alikuwa anajulikana kuanzia sokoni mpaka bandarini. Asubuhi hawezi kutembea hatua mia bila kusimamishwa na mtu mwenye swali la malipo ya pili ya korosho. Huku alikuwa "mume wa yule mwanafunzi". Nilikuwa namtembeza kama mgeni. Treni nachagua mimi, mgahawa mimi, lugha ya kuagizia chai mimi. Safari zile zilikuwa zangu kweli, yeye alikuwa abiria.

Ndiyo maana nasema Jumanne kwanza. Yule asiyesoma, awe mke au mume, anahitaji mambo matatu yaliyo yake: mahali pa kwenda, watu wanaomjua kwa jina lake, na fedha, hata kidogo, isiyopitia mkononi mwa mwenzake. Mkikosa hayo, mtasafiri mpaka Ureno na mzigo wenu mtarudi nao.

Mahali pa kwenda: karibu kila mji wa Ujerumani una chuo cha elimu ya watu wazima, Volkshochschule, kinachofundisha Kijerumani na mambo mengine chungu nzima kwa ada ya wastani. Mume wangu akaingia darasa la A2, asubuhi nne kwa wiki. Darasani walikuwamo Wasyria, Waukraine na mama mmoja wa Eritrea aliyemlisha kuliko mimi. Watu: Wajerumani wa mtaani hukutana kwenye vilabu vilivyosajiliwa, vya mpira, kwaya, zimamoto, hata vya kufuga njiwa. Usingoje wakualike chai kwa sababu ni jirani; unaweza kungoja hadi kuhitimu. Jiunge nao kwenye kilabu, utashangaa wanavyochangamka. Mume wangu akajiunga na timu ya mpira ya kitongoji, daraja la chini kabisa, beki wa kulia. Fedha: baada ya miezi kadhaa alipata kazi kwenye kiwanda cha mikate, anatoka saa kumi alfajiri wakati nchi imelala. Mhasibu kukanda unga! Mama mkwe alipoambiwa alinyamaza kwenye simu, kisha akasema, "Mkwe, mwanangu anarudi na mkate lakini?" Nikamwambia anarudi nao, mama. "Basi Alhamdulillahi."

Ningewaambia pia wanaosoma: usimfanye mwenzio karani wako. Kwa kuwa yuko nyumbani, ni rahisi mno kumpa kupika, kufua, kwenda posta, kufuatilia barua za idara ya wageni. Siku ya kwanza anafanya kwa mapenzi, mwezi wa tatu anafanya akiwa amenuna. Sisi tulipeana zamu za kupika. Zamu yangu ilikuwa Jumatano na Jumapili, hata wiki ya mitihani. Ugali wa semolina na spinachi ya barafu huchukua nusu saa. Hakuna tasnifu iliyokufa kwa nusu saa. Na kama mnatarajia mfuko kutoka nyumbani, dagaa wakavu wanaruhusiwa kuingia Umoja wa Ulaya kwa matumizi yenu, nyama na maziwa hapana. Nazi, ndizi na nanasi zinapita, embe linadaiwa cheti cha afya ya mimea. Dada mmoja nilimwona analia uwanja wa ndege kwa ajili ya dodo zake. Nilimwelewa kabisa.

Sasa safari. Sisemi msisafiri. Miaka miwili ya uzamili ni mifupi na Ulaya ikiwa mlangoni itakuwa dhambi kukaa ndani. Nasema hesabuni.

Hesabu ya kwanza ni ya kalenda. Vipindi vya majira ya baridi huendelea kuanzia katikati ya Oktoba hadi mapema Februari, vya kiangazi katikati ya Aprili hadi Julai. Mwezi wa kwanza wa kila muhula kazi ni nyepesi. Hapo ndipo pa kusafiri, kabla kazi za kuandika hazijarundikana. Kuanzia Juni na kuanzia Januari, tulieni. Sisi tuliishia kwenye wikendi moja ya safari na mbili za nyumbani, na za nyumbani nazo tulizigawa: Jumamosi mpaka saa saba mchana mimi maktaba, yeye na shughuli zake, baada ya hapo vitabu vinafungwa mpaka Jumatatu. Kumbukeni Jumamosi ndiyo ya kwenda dukani. Bavaria maduka hufungwa saa mbili usiku na Jumapili hayafunguliwi. Jumapili yetu ya kwanza pamoja tulikula biskuti.

Na tafadhali, usiende safari na kompyuta. Watakwambia treni ni mahali pazuri pa kusomea. Mimi makala moja ya sampuli za udongo niliitembeza majimbo manne bila kuifungua, na kila nilipoitazama kwenye mkoba nilikosa raha. Anayesafiri na kazi hasomi na hasafiri, na anayeketi naye hana mtu wa kuzungumza naye.

Hesabu ya pili ni ya fedha. Ipo tiketi ya mwezi ya treni za mikoani na usafiri wa mijini kwa nchi nzima, Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa yuro 49, ikapanda kuwa 58 mwaka 2025 na 63 mwaka 2026. Treni za kasi haiingii. Kwa wawili hiyo ni yuro 126 kabla hamjanunua hata maji, na ni tiketi ya kujiunga kila mwezi: msipoifuta kabla ya tarehe 10, mwezi unaofuata mnakatwa tena. Kama mnasafiri mara moja kwa mwezi, ulizeni kwanza tiketi ya siku ya mkoa wenu. Ya Bavaria huchukua mpaka watu watano; siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi, Jumamosi na Jumapili inafanya kazi tangu usiku wa manane. Tukiwa wanne na wanandoa wengine, safari ya Nürnberg ilikuwa nafuu kuliko chakula cha mchana. Na treni ikiwachelewesha kufika kwa saa moja au zaidi, mna haki ya kurudishiwa robo ya nauli, na nusu yake kuanzia saa mbili. Treni za huko huchelewa, msidanganywe na sifa. Jazeni fomu.

Hesabu ya tatu ni ya mipaka. Kadi ya ukaazi ya Ujerumani inawaruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180. Uingereza na Ireland hazimo. Huko viza yake. Pasipoti na kadi, vyote viwili, viwe mfukoni, kwa sababu tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Sisi tulikuwa tunaenda Cheb, mji wa Czechia ulio karibu kabisa na mpaka, nikakumbuka njiani kwamba kadi yangu iko chini ya kikombe mezani. Tukashuka Marktredwitz. Mji mdogo, mvua, kituo kitupu. Mume wangu akacheka mpaka akakaa chini, kwa sababu miezi yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa nakagua mifuko yake.

Halafu, na hili kwangu ndilo zito kuliko yote matatu: mpeni aliyekuwa abiria usukani. Baada ya ile Novemba tuliafikiana safari inayofuata aipange yeye, kila kitu, nami nisiulize. Akachagua Berlin, Januari, baridi ya kukata masikio, kwa basi la usiku. Nilidhani tunakwenda kuona ukuta. Akanipeleka Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, Museum für Naturkunde, na pale ukumbini amesimama dinosa, mrefu mita 13 na zaidi, kichwa karibu na dari. Ametoka Tendaguru, Lindi.

Kichwani nilikuwa najua, tulisoma shuleni. Kumwona ni jambo jingine. Mume wangu alianza kunisimulia kwa Kiswahili, kwa sauti kidogo: Wajerumani walichimba pale kati ya mwaka 1909 na 1913, msimamizi wa wachimbaji akiwa mtu wetu aliyeitwa Boheti bin Amrani, na mifupa, zaidi ya tani 200, ilibebwa vichwani na mabegani siku kadhaa za mwendo hadi bandari ya Lindi. Akanionyesha kwa kidole mfupa wa paja: "Huu peke yake ungebebwa na watu wangapi?" Familia moja ya Kijerumani ikasimama kusikiliza. Mtoto wao akauliza kitu, na mume wangu, kwa Kijerumani chake cha A2 chenye vumbi la barabarani, akajibu kwamba yeye anatoka mahali anapotoka yule mnyama. Mtoto akamtazama yeye, akamtazama dinosa, akamtazama tena yeye.

Tulirudi na basi la usiku. Nilimlalia begani njia nzima, yeye ndiye aliyeshika tiketi.

Mniruhusu niseme kidogo juu ya picha. Mkituma picha mbele ya kasri, nyumbani hawaoni yuro mlizodunduliza, wanaona kasri. Baada ya Prague tulipata simu tatu za ada, moja ya bati la kuezekea na moja ya bodaboda. Tulipatana kiasi kimoja kwa mwezi, sawa kwa pande zote mbili, kikiisha kimeisha. Na ndugu wa mume hujibiwa na mume, wa mke na mke. Mkwe asibebeshwe kusema hapana. Maswali ya mjukuu pia tuliyagawa hivyo hivyo. Mama yangu nilimjibu mimi, kila Jumapili, saa tatu usiku ya Dar es Salaam, ambayo kwetu ilikuwa saa moja jioni wakati wa baridi na saa mbili kiangazi. Kuweni na saa moja ya simu inayojulikana. Mkipigiwa ovyo, kila chakula mtakila na watu kumi na wawili.

Na jiandaeni na Desemba. Jua linazama saa kumi na robo jioni. Mtu wa Lindi hajui huzuni ya aina hiyo, hadhani hata kwamba ni huzuni; anadhani amechoka au mkewe amebadilika. Tokeni nje mchana kukiwa na mwanga, hata dakika thelathini, hata kama mmoja ana mtihani kesho. Msikate maneno makubwa kuhusu ndoa yenu katika giza la Desemba. Ngojeni Machi.

Mwaka wa pili ukaja na kichekesho chake. Mechi za madaraja ya chini Bavaria huchezwa zaidi Jumapili mchana. Mimi nimepanga vizuri, nimewahi kazi zangu, nina wikendi safi ya kwenda Strasbourg, mume wangu ananiambia, "Bibie, Jumapili tunacheza ugenini, na mimi ndiye beki." Nilikasirika kweli. Nilichukua koti nikazunguka maegesho ya baiskeli. Niliporudi nikamuuliza ugenini ni wapi. Ni kijiji cha kilomita kumi na mbili. Tulikwenda huko. Niliuza keki na wake za wachezaji, tukafungwa manne.

Wiki hiyo hiyo kipindi changu cha Jumanne kiliahirishwa, nikarudi chumbani saa tano asubuhi. Hakuwapo. Mezani kulikuwa na kikaratasi alichomwandikia, nadhani, mtu wa kurudi jioni: "Nimetoka kazini, nimekwenda darasani, halafu mama wa Eritrea ana mgeni nimsaidie kutafsiri. Mkate upo. Nitachelewa." Nikaweka maji ya chai. Nikakaa kitandani nikitazama dirisha la maegesho, nikingoja maji yachemke, na chumba kilikuwa kimya sana.